Kreti Sita za Kwenda Magara

Tangu Isaka arudi Kigwena na nishani yake, hakuna kitu pale nyumbani kilichopata kupumzika. Wiki ya kwanza alibomoa choo kilichokuwa kizima, akajenga kingine. Wiki ya pili aliupaka mlango rangi ya kijani, akaichukia, akaiparura yote na kupaka ya buluu. Mawese ambayo baba yake, mzee Bernardo, huyakamua kwa siku tatu, yeye aliyamaliza kwa asubuhi moja, akiizungusha mashine ya kukamulia kana kwamba kuna mtu anamfukuza, mpaka majirani wakaacha majembe yao wakaja kutazama. Ukimketisha, goti linacheza. Ukimpa chakula, anakula amesimama mlangoni, macho yakiwa barabarani.

Watu wa Kigwena hawapendi jambo lisilo na maelezo. Wengine wakasema ni vita, vita vimemwingia miguuni. Wengine, na hawa ndio waliokuwa wengi, wakasema kijana wa miaka ishirini na tisa, kaporali, mwenye nishani aliyovishwa Bujumbura mbele ya wakubwa wa jeshi, halafu hana mke, atatuliaje?

Baba yake alikuwa na furaha isiyo na breki. Kila mgeni aliyepita alitolewa kijisanduku chenye nishani, akasomewa karatasi iliyokuja nayo, kisha akasimuliwa na mambo ambayo hayakuwa kwenye karatasi. Karatasi ilisema kwamba Isaka, kule Somalia, chini ya risasi, aliwatoa wenzake watatu kwenye lori lililokanyaga bomu. Kwa mzee Bernardo hao watatu walikuwa wamekwisha kuwa watano kufikia Jumapili ya pili, na bila shaka wangefika saba kama Isaka mwenyewe asingekuwa anatoka nje kila hadithi inapoanza.

Alitoka kwa sababu hesabu yake ilikuwa nyingine. Yeye alihesabu wanne. Wa nne alikuwa dereva wa lile lori, Heri, mtoto wa Magara, kijiji cha wavuvi ufuoni mwa ziwa upande wa kaskazini, rafiki aliyelala naye kitanda cha juu na cha chini tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Heri hakutoka. Na jioni ya siku ile ile Isaka alipiga simu Magara mwenyewe, akamwambia mama yake Heri, mama Clotilda, maneno haya: "Alikufa papo hapo, Mama. Hakusikia maumivu."

Ulikuwa uongo. Heri aliishi dakika kumi baada ya bomu, labda na zaidi, na Isaka alikuwapo.

Mama Clotilda aliupokea uongo ule kwa mikono miwili. Alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwamba mwanawe hakuteseka. Kila Isaka alipopiga simu, na alipiga karibu kila wiki, ilipokelewa na Anita, dada yake Heri, kisha akapewa mama, na mama akarudia shukrani zile zile: "Murakoze, mwanangu. Kama si wewe kunambia, ningewaza nini mimi?" Mwaka ukapita na miezi miwili juu yake. Kilio kikaondolewa rasmi, ndugu wakala wakanywa, nyumba ikaruhusiwa tena kucheka. Na Isaka, kila alipokata simu, alijiona kama mwizi anayeshukuriwa na mtu aliyemwibia. Hilo ndilo lililokuwa likilichezesha goti lake, si kukosa mke. Alitaka kwenda Magara akaseme ukweli uso kwa uso.

Laiti angepanda pikipiki akaenda zake! Kosa lake ni kumwambia baba.

"Nataka kwenda kumwona mama yake Heri," alisema siku ya Alhamisi, amesimama kama kawaida.

Mzee Bernardo akaweka kikombe chini. "Peke yako? Mikono mitupu? Kama mpelelezi?"

"Nina neno dogo tu la kumwambia, baba."

"Hakuna neno dogo kwa mama aliyezika. Tutakwenda wote, kwa heshima. Tutabeba vinywaji. Na tutamwomba mzee Zabroni atusemee."

Isaka alitaka kubisha. Ili aeleze kwa nini alitaka kwenda peke yake, ilimbidi amwambie baba yake lile neno lenyewe, baba yule yule aliyekuwa akilala na kijisanduku cha nishani chini ya mto. Alishindwa. Akatoka nje akaanza kupasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Sasa huyu mzee Zabroni inafaa ajulikane. Miaka yote ya ukimbizi Tanzania alikuwa mwalimu kambini, na tangu kurudi Burundi amekuwa msemaji. Kwetu shughuli haiwi shughuli bila hotuba, na kutoka Kabonga hadi Magara ni vijana wachache walioposa msichana wa maana bila Zabroni kuwasemea. Ana suti moja ya kahawia, kofia na fimbo, na husema mwenyewe, kwa unyenyekevu wa kujipangia, kwamba hajapata kurudishwa mikono mitupu. Wazazi wenye mabinti wakiiona suti ile inashuka garini huanza kufagia uwanja. Lakini si Bernardo, si Zabroni, wala Isaka aliyekuwa na lake rohoni, aliyekaa akafikiri kwamba suti ile, na kreti sita za Fanta, na kijana asiye na mke, siku ya Jumapili baada ya ibada, ufuoni kote huku vina maana moja tu. Zabroni alipiga hata simu Jumamosi kwa rafiki yake wa Magara: "Kesho tunakuja kwa Clotilda, sisi wa Kigwena." Hakuongeza neno. Hakuwa na haja.

Fanta ilitafutwa siku mbili, maana siku hizi ukiipata bila kujuana na mtu umebahatika. Gari lilikuwa Probox ya jirani, naye ndiye aliyeendesha, na mafuta yake yalipatikana kwa maombi. Kreti zikakaa nyuma, wazee wakakaa juu ya kile kilichobaki, Isaka akakaa mbele na suti aliyonunuliwa kwa ajili ya Bujumbura, nishani kifuani kwa amri ya baba. Alijaribu kuivua mara mbili, na mara mbili mzee akaunyosha mkono kutoka nyuma akairudisha.

Rumonge mjini walisimama ili Zabroni anunue peremende za kulainisha koo. Isaka alikuwa ameshuka kabla gari halijasimama sawasawa. Alitembea hadi karibu na bandari akarudi, akaenda tena akarudi. Ziwa lilikuwa limepanda mwaka ule, na nyumba za chini zilikuwa bado zimesimama na maji magotini. Alijipangia: nitasema mimi kwanza. Tukiketi tu, kabla Zabroni hajasafisha koo, nitasema. Alilirudia hilo barabara nzima, midomo ikicheza, na Zabroni aliyemwona kwenye kioo akamgusa Bernardo kwa kiwiko akatabasamu, asijue hata anatabasamia nini.

Walipoiacha barabara kuteremka kwa mama Clotilda, vigelegele viliwapokea kabla ya mbwa.

Isaka alidhani kuna harusi jirani. Kisha akaona. Uwanja umefagiwa mpaka unang'aa. Turubai limetandazwa juu ya miti, na chini yake viti vimepangwa mistari miwili inayotazamana. Mikeke, wale samaki wa ziwani, inakaangwa nyuma ya nyumba, harufu imejaa kote. Wavuvi waliovaa mashati ya kanisani walikuwa wamekaa mstari wa upande wa nyumba, na katikati yao alikuwapo jirani mmoja aliyeitwa Mulamba, mtu mnene wa asili ya Kongo, amevaa koti la kuazima lisilofunga vifungo. Na mlangoni, akichungulia kisha akijificha, alikuwa Anita, amejifunga imvutano ya manjano, vazi ambalo msichana wa Burundi halivai kwa ajili ya kuchota maji.

"Bernardo," Zabroni alinong'ona akiwa bado garini, "hukuniambia."

"Na mimi sikuambiwa," mzee alijibu. Akamtazama mwanawe, na macho yakamjaa machozi. Kumbe ndiyo maana! Kumbe ndiyo maana kijana hatulii, ndiyo maana simu kila wiki, ndiyo maana alitaka kwenda peke yake: aibu ya kijana! Alimpiga Isaka begani mara tatu, kwa furaha, akashuka.

"Baba, subiri," Isaka alisema. Lakini kreti zilikuwa zimekwisha kamatwa na vijana wa pale, na yeye mwenyewe alikuwa amekamatwa na mama Clotilda. Alikuwa mama mdogo wa kimo, mikono imekauka kwa chumvi ya ndagala, dagaa anaowauza. Alimshika Isaka mashavu, akamtazama, akaitazama nishani, akarudi usoni.

"Mutoto wangu," alisema. "Nilijua utakuja. Heri alikuwa anasema kila siku, iko rafiki yangu mumoja, nitamuleta. Umejileta weye mwenyewe."

Nani angeweza kusema neno lile pale pale, mashavu yakiwa mikononi mwa mama yule? Isaka hakuweza. Akaongozwa kwenye kiti, akaketi, na goti likaanza kazi yake.

Mulamba, msemaji wa wenyeji, alisimama, koti likamwachia tumbo. "Bageni, murakaza neza, karibuni. Tumeona gari, tumeona na makreti. Hatujui kama mumepotea njia ya Bujumbura, ao muko natafuta kitu huku kwetu. Museme, tuko nasikia."

Watu wakacheka kwa raha. Ndio mwanzo unaotakiwa: mwenyeji hujifanya hajui kitu. Na Zabroni, ambaye kwa haki alikuja kusema maneno ya pole, alikuwa ameshaiona ile mistari miwili ya viti, na fani ikampanda kichwani. Alisimama akaegemea fimbo.

"Amahoro, wenyeji wetu," alisema, na sauti yake ilikuwa tamu kweli, lazima tumpe haki yake. "Hatukupotea. Sisi ni watu wa Kigwena, watu wa mawese, mikono yetu myekundu mnaiona. Tunaye kijana. Alikwenda mbali, akafanya mambo, nchi ikamwona. Lakini amerudi nyumbani, na nyumba haimtoshi! Anajenga, anabomoa. Tukamwuliza, una nini? Akatuonesha kwa kidole, kaskazini. Tukasema basi, tufuate kidole."

Vigelegele. Mama Clotilda alikuwa anacheka huku anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Anita alikuwa ametolewa mlangoni na shangazi zake, amekaa kwenye mkeka, kichwa chini. Sauti yake Isaka aliijua kwa mwaka mzima na miezi miwili, sauti tulivu isiyouliza sana.

Na hapa tusimpakazie utakatifu asiokuwa nao. Isaka alitaka kunyamaza. Alitaka sana. Ingekuwa rahisi mno: Zabroni amalize, Mulamba akubali, Fanta zifunguliwe. Angekuwa mtoto wa nyumba hii. Angemchukulia mama magunia yake ya ndagala, angemjengea, angemtunza akizeeka na kumzika akifa, na ule uongo ungezama taratibu kama jiwe ziwani, na kila mtu angefurahi hadi mwisho wa maisha yake. Kisha akamsikia mama Clotilda akimwambia jirani yake, kwa sauti ya chini yenye fahari, "Ni huyu alikuwa na Heri. Ni huyu alinambia mutoto wangu hakuteseka."

Isaka akasimama. Mposaji hasimami, kazi yake ni kuinamisha kichwa na kusemewa, kwa hiyo Zabroni alikatika katikati ya sentensi na vichwa vyote vikamgeukia Isaka.

"Mama," Isaka alisema, "mnisamehe. Sikuja kuposa."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani wa Kigwena.

"Nilikuja kukwambia neno kuhusu Heri. Nilikudanganya. Hakufa papo hapo."

Akalisema lote kwa mkupuo, haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara. Kwamba lori lilipinduka ubavu. Kwamba watatu walikuwa nyuma wameumia, na Heri alikuwa mbele kwenye kabini, usukani umembana paja, mzima, anaongea. Kwamba risasi zilikuwa zinatoka vichakani. Kwamba alimwambia Heri, "Nakuja," na Heri akamwambia, "Anza na hao wa nyuma." Akamtoa wa kwanza hadi mtaroni. Akapita kabini, "Nakuja." Akamtoa wa pili. Akapita, "Nakuja," na safari hii Heri alimwambia afanye haraka. Akamtoa wa tatu. Na wa tatu alipomlaza, akageuka, moto ulikuwa umeshika chini ya lori.

"Nikakimbia kurudi. Nikafika nusu. Nikasimama." Akaishika nishani kifuani. "Alikuwa ananiita jina. Nilisimama, Mama. Mpaka leo sijui kama ni moto ulionizuia ama ni woga. Wamenipa hii kwa ushujaa, na mimi nilisimama."

Mikeke iliungua kule nyuma, na hakuna aliyekwenda kuitoa. Mzee Bernardo alikuwa ameziba uso kwa kofia. Zabroni, aliyekuwa na neno kwa kila hali tangu kambini, alikaa chini polepole na fimbo yake ikaanguka, asiiokote.

Wa kwanza kusema alikuwa Anita. Alikuwa ameinuka mkekani, na ile sauti tulivu haikuwepo.

"Ulikuwa na muzigo wako," alisema. "Ulikuwa nao huko Kigwena, ukaona ni muzito, ukauleta kuutua ku kichwa ya mama. Tulikuwa tumeshalia sisi! Tulimaliza! Alikuwa amepata kulala! Sasa nini, tuanze tena?"

Isaka alijua kwamba yote ni kweli. Hili hakuwa amelifikiria hata mara moja katika kubomoa na kujenga kwake, kwamba huenda ukweli ule ulikuwa dawa yake mwenyewe na sumu kwa mwingine. Aliona aibu mpya, kubwa kuliko ile ya zamani.

"Bon," Mulamba alisema. Alikuwa amelivua koti. "Muchukue makreti yenu. Mwende."

Vijana walianza kuzibeba kreti kuzirudisha garini, chupa zikigongana. Wanawake wakaanza kukusanya mikeka. Wavuvi waliinuka mmoja mmoja bila kuaga, macho chini, kama watu waliomwona jirani yao akiwa uchi. Isaka akamshika baba yake mkono kumwinua.

"Wacha," mama Clotilda alisema.

Hakuwa amesogea tangu mwanzo. Kitenge kilikuwa bado mkononi, pale pale alipokuwa anajifutia machozi ya kucheka.

"Mulamba, wacha. Ni nyumba yangu. Anita, kaa." Akamtazama Isaka. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, Mama. Huku kwetu, saa tatu."

"Saa tatu," alisema. "Ile siku nilikuwa ku soko. Saa tatu nilikuwa ku soko, nauzisha ndagala. Nilikuwa nacheka na bantu." Akakikunja kitenge mkononi. "Dakika ngapi?"

"Kumi. Labda kumi na mbili."

"Na kwa hizo dakika alikuwa yeye peke yake mule ndani."

"Ndiyo, Mama."

Mtu alilia, shangazi mmoja, na mama Clotilda akainua kidole kumnyamazisha. Alikivuta kiti chake, kile cha mstari wa wenyeji, akakipitisha katikati ya uwanja mpaka magoti yake yakakaribia kugusa ya Isaka. Uso wake ulikuwa umekwisha kabisa, umekuwa wa bibi kizee kwa muda wa robo saa, lakini sauti ilikuwa ngumu.

"Sikia. Sijasema nimekusamehe. Hiyo ni ya kesho, ao haitakuwa, sijui. Lakini umesema mbio mbio, kama mutu anaiba. Mimi sikukuwako. Nataka nikuweko. Sema tena, pole pole, toka asubui alipoamuka, alikula nini, alivaa nini. Usiruke kitu. Leo tutakaa na yeye, sisi bote." Akageuza kichwa kuelekea barabarani. "Nyie munaenda wapi? Mukae."

Wavuvi wakarudi. Vijana wakaweka kreti chini pale walipokuwa wamefika. Anita alikaa nyuma ya mama yake, akiwa bado na hasira, akamwekea mkono begani. Isaka akaanza tena, tangu chai ya alfajiri waliyokunywa kwa kikombe kimoja, na alipofika kwenye kabini hakuipita haraka.